Tozo mpya mpakani: maswali ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na majibu yake

Bajeti zikishasomwa mwezi wa sita, simu za mawakala wa forodha wa Namanga, Sirari, Busia na Mutukula hazipumziki. Maswali ni yaleyale, na mengi yanatoka kwa watu ambao mzigo wao tayari uko barabarani. Tumekusanya hapa yanayorudi mara nyingi. Majibu yanamlenga anayevusha bidhaa kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa Tanzania, Kenya na Uganda. Anayeagiza kontena kutoka China ataambulia machache.

Tulishaambiwa ndani ya Jumuiya hakuna ushuru. Mbona bado tunatozwa?

Mliambiwa kweli. Itifaki ya Umoja wa Forodha ilisainiwa Machi 2004 na kuanza kazi Januari 2005. Bidhaa za Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kuingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo. Za Kenya kuingia Tanzania na Uganda nyingine ziliwekewa viwango vya kushuka mwaka hadi mwaka, vikamalizika 2010. Tangu hapo, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa, huvuka kwa ushuru wa forodha wa asilimia 0.

Tatizo ni kwamba ushuru wa forodha ni mstari mmoja tu kwenye tamko lako, ile fomu ya forodha inayoorodhesha mzigo na kodi zake. Chini yake kuna ushuru wa bidhaa (excise), kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, halafu kuna tozo ambazo kila bunge hujitungia. Siku hizi waziri wa fedha akitaka kulinda kiwanda cha nyumbani dhidi ya jirani, ushuru wa forodha hauwezi kumsaidia sana kwa sababu hauamuliwi na nchi moja. Anachoweza kufanya peke yake ni kuingiza tozo kwenye sheria ya fedha ya mwaka, na ndicho anachofanya.

Kwa hiyo ukiona kiasi usichokijua kwenye karatasi ya malipo, anza kwa kumuuliza wakala wako kimetoka kwenye sheria gani. Kama ni ushuru wa forodha, basi kuna kasoro kwenye cheti au kwenye bidhaa yenyewe, na hilo liko mikononi mwako kulirekebisha. Kama ni tozo ya sheria ya fedha, cheti chako kinaweza kuwa safi kabisa na bado ukalipa. Hapo ugomvi ni wa serikali na serikali, nawe ni mlipaji tu hadi wamalizane. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakihangaikia cheti wakati kilichowakwamisha hakihusiani nacho.

Hii tozo ya Tanzania ya 2025 iliyowakasirisha Wakenya ni ipi?

Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ilileta Tozo ya Maendeleo ya Viwanda kwa bidhaa fulani zinazoingizwa kutoka nje. Viwango vyake ni asilimia 10 na asilimia 15. Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, alilalamika hadharani mwishoni mwa Julai 2025 kwamba tozo hiyo na ushuru wa bidhaa vinakwenda kinyume na Kifungu cha 15 cha Itifaki ya Umoja wa Forodha.

Kifungu hicho kinafaa kujulikana na kila anayevusha mzigo. Kinakataza nchi mwanachama kutunga sheria inayobagua bidhaa za nchi nyingine mwanachama, na kinakataza kuzitoza kodi ya ndani iliyo juu kuliko inayotozwa bidhaa ya aina hiyohiyo iliyotengenezwa nyumbani. Yaani ukiitoza sabuni ya jirani asilimia 15, sabuni ya kwako nayo ilipe 15.

Nchi inayoweka tozo ya namna hii hujitetea kwamba viwanda vyake ni vichanga na vinaelemewa. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Kenya ilitangulia kwa viwanda kwa miongo kadhaa, na anayetembelea duka la jumla la Arusha au Moshi ataona mwenyewe rafu zimejaa bidhaa za wapi. Lakini Itifaki ina njia zake za kulinda viwanda, na kutunga tozo peke yako usiku wa bajeti haimo katika njia hizo.

Kenya nayo haina mikono misafi sana. Imewahi kuweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwenye mayai, vitunguu na viazi kutoka nje, na wakulima wa Tanzania wanaolishia soko la Nairobi vitunguu wanakumbuka kelele zake.

Nipigieni hesabu. Kwa mzigo wa shilingi milioni 10 naongezewa kiasi gani?

Tuchukue sabuni iliyotengenezwa Kenya inayoingia Tanzania, thamani ya forodha shilingi 10,000,000 za Tanzania. Ada ndogondogo za uchakataji tunaziacha.

Cheti kipo na hakuna tozo: ushuru wa forodha ni 0, VAT ya asilimia 18 ni 1,800,000. Basi.

Cheti kipo, lakini bidhaa imo kwenye orodha ya tozo ya asilimia 15: tozo ni 1,500,000. VAT sasa haihesabiwi tena kwenye milioni 10. Inahesabiwa kwenye 11,500,000, kwa sababu tozo na ushuru huingia kwenye thamani inayotozwa VAT. Inakuwa 2,070,000. Jumla 3,570,000.

Cheti hakipo au kimekataliwa, na tuseme kiwango cha ushuru wa pamoja, ule unaotozwa bidhaa za nje ya Jumuiya, ni asilimia 25: ushuru ni 2,500,000, VAT kwenye 12,500,000 ni 2,250,000. Jumla 4,750,000, na hapo bado hatujaweka tozo.

Linganisha hesabu ya pili na ya tatu, halafu uangalie ni ipi unayoweza kuizuia wewe. Kukosa cheti kunakugharimu kuliko tozo yenyewe.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kama umesajiliwa VAT, ile 1,800,000 utaidai kwenye ritani yako, taarifa ya kodi unayowasilisha. Ni pesa iliyokwama kwa muda. Tozo haidaiwi popote. Inabaki kwenye gharama ya mzigo na lazima iende kwenye bei au itoke kwenye faida. Tanzania kiwango cha lazima cha kujisajili VAT ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, Uganda milioni 150 za huko, na Kenya milioni 5 za huko. Aliye chini ya viwango hivyo na hajasajiliwa hupigwa mara mbili: analipa tozo, na VAT iliyopandishwa na tozo hiyo hawezi kuidai.

VAT inayotozwa mpakani nayo si ushuru wa kubagua?

Hapana. Bidhaa ya nyumbani nayo hulipa VAT. Kenya ni asilimia 16. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ni 18.

Cheti cha uasili napata wapi, na kwa nini changu kilikataliwa?

Cheti hutolewa na nchi inayouza, si inayonunua. Kwa bidhaa za Kenya hutolewa na mamlaka ya mapato ya huko, KRA, za Uganda na mamlaka ya mapato ya huko, URA, na kwa upande wa Tanzania wafanyabiashara wengi wanaijua TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Muuzaji ndiye anayekiomba. Hili linawashinda watu: mnunuzi wa Mwanza analipa mzigo Nairobi, lori linapakia, ndipo anauliza cheti, na muuzaji anamjibu kwamba bei aliyompa ilikuwa ya bila karatasi. Liwekeni kwenye makubaliano kabla pesa haijatumwa.

Cheti kinasema bidhaa hii imezaliwa ndani ya Jumuiya. Mahindi, ng'ombe, chai, samaki wa Ziwa Victoria hazina mjadala; zimepatikana hapa zima zima. Bidhaa za kiwandani ndizo zinazohojiwa, na kanuni za uasili za 2015 ndizo zinazotumika. Kwa bidhaa nyingi malighafi ya kutoka nje ya Jumuiya haitakiwi kuzidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani, au malighafi iwe imegeuzwa kiasi cha kubadili kundi lake la forodha. Kufungasha upya, kubandika lebo, kuchanganya tu, hakuhesabiki. Mchele wa Pakistan uliotiwa kwenye mifuko Mombasa unabaki wa Pakistan.

Sasa kukataliwa. Mara nyingi hakuhusiani na mambo hayo makubwa, ni makaratasi kupingana. Ankara imeandika sabuni ya unga katoni 400, cheti kinasema 380 kwa sababu katoni 20 ziliongezwa dakika ya mwisho. Ankara ina msimbo wa forodha unaoanza na 3401, ambao ni wa sabuni ya kipande, cheti kina 3402 ambao ni wa sabuni ya unga. Jina la mnunuzi kwenye cheti ni la kampuni, kwenye tamko ni la mwenye kampuni. Ofisa akiona hivyo ana haki ya kuuliza, na akiuliza Ijumaa saa kumi jioni umeshalala mpakani hadi Jumatatu, na lori linahesabu siku.

Kwa hiyo kabla lori halijaondoka, mwambie muuzaji akutumie picha za ankara, orodha ya mzigo na cheti. Zipange kwenye meza moja. Soma namba, uzito, idadi, msimbo, jina. Wakala mzuri hufanya hivi bila kuambiwa, ila wengine wanafungua karatasi lori likiwa limeshafika getini.

Mimi navusha mizigo midogo, kreti za nyanya na madumu ya mafuta. Nahitaji yote hayo?

Huhitaji. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika, una cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani na forodha. Ni karatasi moja. Mzigo huo haulipiwi ushuru wa forodha, lakini VAT na ushuru wa bidhaa vinaweza kubaki kutegemea bidhaa, na bidhaa za chakula bado hupita kwa watu wa afya ya mimea au viwango.

Kinamama wengi wa Busia na Namanga wanakijua na hawakitumii, kwa sababu kuna kijana wa pikipiki anayepitisha mzigo kwa ada ndogo kupitia nyuma. Tunaelewa. Ila fanya hesabu ya mzigo mmoja uliokamatwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya inaruhusu bidhaa kutaifishwa na chombo kilichoibeba kushikiliwa pia. Halafu mzigo wa njia ya panya hauna risiti, na asiye na risiti hawezi kumuuzia hoteli, shule wala duka kubwa. Atabaki gengeni miaka yote.

Epuka pia kugawa mzigo wa dola 6,000 kuwa vipande vitatu kwa majina ya binamu zako. Maofisa wameshauona mchezo huo.

Bidhaa imetengenezwa Kenya kabisa, kiwanda nakijua, na bado imetozwa asilimia 25. Inawezekanaje?

Inawezekana, na si lazima iwe uonevu. Kuna viwanda vinavyoruhusiwa kuingiza malighafi kwa nafuu ya ushuru ili vitengeneze bidhaa za kuuza nje ya Jumuiya. Bidhaa hizo zikiuzwa ndani ya Jumuiya hutakiwa kulipa ushuru kamili. Vivyo hivyo kwa viwanda vya maeneo maalumu ya kusafirisha nje: sehemu kubwa ya uzalishaji inatakiwa kwenda nje, isiyozidi asilimia 20 inaweza kubaki ndani ya Jumuiya, na inalipiwa.

Ugomvi wa pipi wa 2018 ulizaliwa hapo. Tanzania iliweka asilimia 25 kwenye pipi, chokoleti na bidhaa za jamii hiyo kutoka Kenya, ikisema zimetengenezwa kwa sukari ya viwandani iliyoingizwa kwa nafuu. Watengenezaji wa Kenya walikana. Timu za pamoja za wataalamu zikapelekwa viwandani kukagua sukari inatoka wapi na inalipiwaje, na wakati huo wote wenye maduka ya jumla upande wa pili walikuwa wanasubiri katoni zao. Kama unauza bidhaa yenye sukari, mafuta ya kula, ngano au chuma ndani yake, muulize mwenye kiwanda malighafi yake imeingia kwa utaratibu gani. Akijibu kwa kuzunguka, weka akiba ya ushuru.

Kwa nini viwango vinabadilika kila Julai? Si kuna ushuru wa pamoja?

Upo, kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Una ngazi nne: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu tarehe 1 Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa ambazo Jumuiya inaona inaweza kuzitengeneza yenyewe vya kutosha: maziwa, nyama, nguo, samani, vyuma, mafuta ya kula, maua na nyinginezo. Juu ya hapo kuna bidhaa nyeti zenye viwango vya peke yake, kama sukari kwa asilimia 100.

Lakini kila nchi inaruhusiwa kuomba isitumie kiwango fulani kwa mwaka mmoja. Maombi hukubaliwa na mawaziri na kuchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Ukikuta gazeti hilo, soma kurasa za nchi yako na za jirani. Orodha ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na baadhi ya misamaha ya "mwaka mmoja" inarudi kila mwaka mpaka inazeeka.

Matokeo yake ni kwamba ushuru wa pamoja upo kwenye kitabu, na mpakani kila nchi ina wa kwake. Bidhaa iliyolipiwa asilimia 10 nchi moja inashukiwa ikivuka kwenda nchi inayotoza 25, na hapo ndipo ukaguzi, ucheleweshaji na maswali ya uasili yanapoanzia.

Mchele wangu wa Mbeya una ushindani gani Kenya?

Ni mfano mzuri wa jibu lililotangulia. Ushuru wa pamoja kwa mchele wa nje ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kipi kikubwa. Tanzania inautumia. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba na kukubaliwa kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, kwa sababu wananchi wake wanakula mchele mwingi kuliko wanaolima, na Pakistan hununua chai yao.

Mchele wako wa Mbeya, Kahama au Kilombero unaingia Kenya bila ushuru ukiwa na cheti. Kwa hiyo ushuru wa mchele wa Pakistan ndio ukuta unaokukinga, na ukuta huo Nairobi ni mfupi kuliko ulio Dar es Salaam. Kuna miaka unabomolewa kabisa: Julai 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele bila ushuru. Anayeweka mchele ghalani akisubiri bei ya Nairobi ipande afuatilie matangazo ya aina hiyo kuliko anavyofuatilia mvua. Faida yako iko kwenye ladha na harufu, na mnunuzi wa Eastleigh analijua hilo, ila mwenye hoteli ya kawaida hununua bei.

Na mahindi? Tulizuiwa bila ushuru wowote kupandishwa.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi na marais wawili wakaagiza vikwazo vya mpakani viondolewe.

Somo kwa mwenye mahindi ni la kiufundi. Sumukuvu ipo kweli, na inaua. Ukikausha vizuri na kupima kabla ya kupakia, karatasi ya maabara inakupitisha wakati wenzako wamekaa foleni Namanga wakichomwa na jua na wakilipia lori. Kipimo kwa shehena ya lori zima ni gharama ndogo sana ukilinganisha na siku tatu za kusimama.

Nilishafunga bei na mteja kabla ya Julai. Tozo mpya analipa nani?

Kwanza sheria: kiwango kinachotumika ni kile kilichopo siku bidhaa inapotolewa tamko la matumizi ya ndani. Siku uliyosaini mkataba haihesabiki, wala siku lori lilipopakia. Ndiyo maana mawakala hukesha wiki ya mwisho ya Juni. Chini ya mfumo wa himaya moja ya forodha ulioanza 2014, tamko hufanywa kwenye mfumo wa nchi inayopokea mzigo ukiwa bado nchi unakotoka, basi mwenye karatasi kamili anaweza kuwahi.

Ya pili ni kati yako na mteja. Kama mkataba umekaa kimya, mara nyingi anayeingiza ndiye anayelipa, kwa sababu jina lake ndilo liko kwenye tamko. Kuanzia sasa ongeza sentensi moja: bei hii imezingatia kodi na tozo zilizopo tarehe fulani, na badiliko lolote la kisheria litabebwa na fulani, au litagawanywa. Hata kwa makubaliano ya WhatsApp, iandike.

Nipandishe bei au nimeze hasara?

Inategemea mshindani wako anauza nini. Kama wote sokoni mnaleta bidhaa hiyohiyo kutoka nchi hiyohiyo, wote mmepigwa. Bei itapanda ndani ya mwezi na anayepandisha wa kwanza atalaumiwa kwa wiki mbili tu. Kama kuna kiwanda cha nyumbani kinachotengeneza kitu kinachofanana, hapo ndipo tozo imelengwa, na kushindana naye kwa bei ni kazi ya bure. Wengine wamegeuka kuwa wasambazaji wa kiwanda cha nyumbani kwa bidhaa moja na kubaki waagizaji kwa nyingine. Ndilo lililokusudiwa na waliotunga tozo, na kwa mfanyabiashara si aibu.

Usikimbilie kushusha thamani kwenye ankara. Forodha wana kumbukumbu za bei za mizigo iliyopita, na wakikupandishia thamani watakupandishia kwa miezi.

Mzigo wangu unapita tu kwenda Kongo. Nalipa tozo hizi?

Mzigo wa kupita haulipi tozo za bidhaa zinazoingizwa nchini, mradi una dhamana ya forodha, lakiri ya kielektroniki na unatoka ndani ya muda. Ukipotea njiani, aliyeweka dhamana analipa kama vile umeuzwa hapa.

Kongo ilijiunga na Jumuiya 2022, ila kujiunga ni jambo moja na kutekeleza umoja wa forodha ni jingine. Usimhesabie mteja wa Lubumbashi au Goma asilimia 0 kwa sababu tu umesikia ni mwanachama. Muulize wakala wa huko. Zambia na Malawi si wanachama kabisa. Tanzania hufanya nao biashara kwa cheti cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Kenya kwa cheti cha COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), na cheti cha Afrika Mashariki huko ni karatasi tu.

Agizo la Tanzania la kuzuia wageni kufanya biashara fulani ni sehemu ya ushuru huu?

Si sehemu yake. Agizo la Julai 2025 liliorodhesha shughuli 15 zisizoruhusiwa kwa asiye raia, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na ununuzi wa mazao shambani. Linahusu leseni. Limechanganywa na tozo kwa sababu yalitoka mwezi mmoja. Lakini kama ni Mkenya uliyezoea kwenda mwenyewe shambani Karatu kununua vitunguu, hilo la mwisho linakuhusu kuliko tozo yoyote.

Naona nimeonewa. Naanzia wapi, na nina siku ngapi?

Anza na ofisa wa forodha aliyefanya uamuzi, umwombe autoe kwa maandishi. Bila maandishi huna cha kukatia rufaa.

Kama unapinga uamuzi wa forodha, una siku 30 kumwandikia Kamishna autazame upya. Naye ana siku 30 kujibu, na akikaa kimya hadi muda upite, sheria inahesabu kwamba amekukubalia. Usiporidhika na jibu lake, una siku 45 kwenda kwenye baraza la rufani za kodi la nchi husika.

Kama tatizo ni kikwazo kinachorudiarudia, mfano vipimo viwili vya kitu kimoja pande zote mbili za mpaka, kiripoti kwa kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru kupitia wizara ya biashara. Malalamiko hayo huwekwa kwenye mfumo wa mtandaoni na nchi inayolalamikiwa hutakiwa kujibu. Ni taratibu, lakini yakiripotiwa na watu wengi huingia kwenye ajenda ya mawaziri.

Na kama ni sheria yenyewe inayobagua, ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, anaweza kufungua shauri, lakini ndani ya miezi miwili tu tangu sheria itungwe au tangu alipoifahamu. Si njia ya nadharia. Uganda ilipotunga sheria mwaka 2017 ya kutoza sigara zilizoagizwa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko zilizotengenezwa ndani, British American Tobacco Uganda, iliyokuwa ikileta sigara zake kutoka Kenya, ilishtaki. Machi 2019 mahakama ikaamua kwamba ubaguzi huo unavunja Mkataba wa Jumuiya. Mwenye duka la jumla hatakwenda huko peke yake, gharama haziruhusu. Chama chake cha wafanyabiashara kinaweza, kikiwahi ile miezi miwili.

Nililipa ushuru kwa sababu cheti kilichelewa. Sasa nimekipata. Pesa inarudi?

Unaweza kuidai. Sheria ya forodha ya Jumuiya inakupa miezi 12 tangu siku uliyolipa kuomba kurejeshewa ushuru uliolipwa kimakosa. Peleka barua ya maombi, tamko, stakabadhi ya malipo, ankara na cheti halisi kwenye ofisi ya forodha ulikolipia. Jiandae kuulizwa kwa nini hukukionyesha siku ile, na kama tarehe ya cheti ni ya baada ya mzigo kuondoka, hakikisha kimeandikwa wazi kwamba kimetolewa baadaye. Ushuru ndio unaodaiwa kwa njia hii; VAT uliyolipa juu yake, kama umesajiliwa na ulishaiweka kwenye ritani, usiidai mara ya pili.